Hai au Maiti

3 Machi

Daktari wa kliniki amesema kila nikihisi mkono unaniwasha nisipige mtu, niandike. Andika tarehe, andika hali ya hewa, andika unachohisi, na mvua zikiisha niletee nisome. Haya, Daktari. Tarehe hiyo hapo juu. Mawingu yametanda tangu asubuhi ila mvua bado inajivutavuta. Ninachohisi ni kwamba kaka yangu ni mwoga, na mkono unaniwasha.

Leo amempa kazi mume wa marehemu mdogo wetu.

Mimi ninaendesha katapila kwenye yadi ya vyuma chakavu, nyuma ya ukuta wa kiwanja cha ndege. Mkono wa mtambo wangu hauna kijiko cha kuchotea udongo, una taya la kukatia chuma, ndiyo maana wenzangu wananiita Dada Taya. Kaka ndiye nyapara wetu. Sasa hivi tunavunja ndege kubwa ya abiria, mpya kabisa, hata viti havijachakaa. Ilitua kwenye dhoruba, ikapitiliza, mguu wa kushoto ukavunjika, ikajiburuta ubavu mpaka kwenye majani. Abiria walitoka wote wazima. Wenye bima wakaona kuitengeneza ni kujisumbua, na Tajiri wetu akaununua mzoga. Anataka pawe peupe mvua zikiisha.

"Fundi wa gesi ametuacha," Kaka aliniambia, "na huyu anakata vizuri."

"Hata mdogo wako alimuua vizuri. Mbona hukumpa kazi siku hiyo hiyo?"

Kaka aliendelea kufunga kamba za buti zake kana kwamba aliyesema ni redio.

Mdogo wetu alikutwa chini ya ngazi za nyumba yao mwaka jana, kichwa kimepasuka. Mumewe alisema hakuwepo, alirudi akamkuta hivyo. Polisi wakaandika kwamba aliteleza. Na kweli alikuwa mtelezaji hodari: aliteleza jikoni, akateleza bafuni, kila alipokuja kututembelea alikuwa na alama mpya na maelezo yale yale. Mama anajifariji kwa maneno mamoja tu, anayasema kila siku kama dua: "Angalau mwanangu hakuteseka. Alikufa pale pale."

6 Machi

Mvua imeanza. Shemeji amekuja na buti mpya, akanisalimia. Salamu yake imebaki pale pale alipoiacha.

Namwita Shemeji kwa sababu jina lake likinipita mdomoni nataka kutema mate.

10 Machi

Daktari, nisipokueleza sheria ya yadi hutaelewa ya leo. Ndege iliyokufa haijafa yote. Ndani yake kuna vitu bado vinapumua: chupa za gesi, mafuta kwenye mabawa, upepo kwenye matairi. Ukikikata kitu kama hicho kabla hakijatolewa pumzi, kinakuua. Kwa hiyo kila kitu kinauliwa kwanza, na aliyekiua anajulikana. Mkataji kabla ya kukata anaita kwa sauti, "Hai au maiti?" Aliyekiua anaitikia, "Maiti!" Moto unawashwa. Lakini mtu yeyote aliye pale, hata mfagiaji, akiwa na wasiwasi anasema "Nina shaka," na hapo hakuna mabishano. Wote wanarudi nyuma, na yule aliyeitikia anachukua moto anakata yeye mwenyewe. Anayeitikia ndiye anayekata. Kaka ndiye aliyeileta sheria hiyo, baada ya kuzika mtu katika yadi aliyofanyia kazi zamani. Imemaliza uongo kuliko viapo vyote ninavyovijua.

Leo ilikuwa zamu ya mlango wa nyuma. Milango ya ndege ina puto lililokunjwa ndani, la kuteremkia abiria wakati wa hatari. Chupa yake ya gesi ikiwa nzima, ukifungua mlango linajaa kufumba na kufumbua. Domo, ambaye jina linajieleza, ndiye alitakiwa kuiua chupa hiyo. Alikuwa nje, juu ya ngazi, anasimulia habari za mke wa jirani yake. Shemeji akaita kutoka ndani. Domo akaitikia "Maiti!" katikati ya hadithi, kama mtu anayeitikia "marahaba", na hakuna aliyetia shaka kwa sababu tulikuwa tunacheka.

Shemeji akausukuma mlango, puto likatoka kwa kishindo likampiga Domo usoni. Ngazi ilienda huku, yeye kule. Nilimwona akiwa hewani, mdomo bado wazi, hadithi haijaisha. Taya limevunjika na meno mengine tuliyaokota kwenye matope.

Shemeji aliteremka kwa puto lile lile, akampindua Domo ubavu, akatia vidole mdomoni akatoa damu na udongo mpaka akapumua. Alifanya haraka na kwa utulivu. Nikaiangalia mikono yake kwenye uso wa Domo. Mikono ile ile.

Kisha Kaka akaja mbio. Alipoona Domo yuko hai, akampiga kofi shavu lililokuwa zima. "Maiti husemi kwa mdomo!" alifoka. "Unasema kwa mkono wako! Ungemuua mwenzako!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Tulimshika wawili.

14 Machi

Vumbi la ndege hii linawasha kuliko upupu. Bodi yake si bati, ni nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, na taya langu likiibana haikunjiki, inakatika kwa mlio wa mfupa na kurusha vijiti kama sindano. Nimechomoa vitatu shingoni.

17 Machi

Mvua kutwa. Tumekaa chini ya tumbo la ndege tunakunywa chai. Shemeji akaja akakaa mbele yangu.

"Dada Taya," akasema, "umenuna kama hili lidege. Au na wewe tukukate kesho?"

Wenzangu wakacheka. Si wanajua mashemeji hutaniana? Marehemu mwenyewe alizoea kutuchochea, "Mtanie shemeji yako huyo, asikuonee." Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka spana iko mkononi mwangu na nyusi yake imefunguka, damu inaingia kwenye kikombe chake. Hakuinua mkono. Aliketi vile vile akasema polepole, "Ongeza."

Ningeongeza. Kaka alinikumbatia kwa nyuma akanibeba mpaka nje kwenye mvua, na hapo akaninong'oneza sikioni: "Usimharibu. Bado."

Bado nini?

18 Machi

Mvua. Mkono unauma, si kuwasha.

22 Machi

Tulikula kwa Mama. Tulikaa watatu, kiti cha nne kitupu, maana Mama hataki kiondolewe. Amesikia kwamba mkwewe yuko yadini kwetu. Nilidhani atamlaani Kaka. Wala. Aliendelea kusafisha meza, akasema, "Mimi sina mashaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Na kisima kikichelewa, Mama?" Kaka akauliza.

"Hakichelewi. Kina siku yake."

Kaka akaniangalia. Mama akarudi kwenye dua yake, kwamba angalau mwanawe hakuteseka, na sisi tukaitikia kama kawaida.

Kurudi tulitembea pamoja hadi njia panda. Hatukuwa na mwavuli. Kaka alisema, "Mguu wa kulia wa ile ndege bado umesimama. Ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa, inabeba uzito wa ndege nzima. Mtu akiukata ukiwa hai hapatikani hata wa kuzika. Na kazi ya kuua miguu ni yangu, hakuna mwingine mwenye ile spana." Alisema kama mtu anayepanga kazi za wiki. Kisha akasema lala salama.

Nilikuwa namwita mwoga! Nilisimama kwenye mvua nikimwangalia anavyoondoka, nikampenda kaka yangu kuliko siku yoyote. Usiku nililala kama mtoto aliyeshiba.

Daktari, hii sitakuletea. Nitakuambia daftari lililowa.

28 Machi

Tumeangusha mkia. Niliubana shingoni, nikang'ata, nikaachia, nikang'ata tena. Ulipokatika ardhi ilitikisika, vioo vya ofisi ya Tajiri vikavunjika, na kipande cheusi kikapita juu ya kofia ya Shemeji karibu kabisa. Alicheka. Kaka hakucheka. Alikimbia kumkagua kichwa kama mama, akamletea glavu mpya na miwani mizuri kuliko yangu.

Mbuzi wa sikukuu halishwi pumba.

29 Machi

Hakuna kazi, matope yamefika magotini. Nahesabu siku kama bibi harusi.

2 Aprili

Leo Kaka amekamata mpishi wa chai akitoka na nyaya za shaba zimezungushwa tumboni chini ya shati. Alimfunga kwenye gurudumu la ndege akampiga kwa mpira wa gesi. Kupiga mwizi si kitu kigeni yadini, mmoja wawili wanachapwa, wanafukuzwa, basi. Lakini Kaka hakuacha. Mpishi aliomba, akaitaja mama yake, kisha akaacha kuomba, na mpira unashuka tu. Uso wa Kaka ulikuwa umetulia. Ndio ulionitisha. Nimemwona Kaka akipiga watu maisha yangu yote, amewahi kunipiga na mimi, lakini siku zote alipiga huku akilia au akitukana. Leo alikuwa anapiga kama mtu anayejaribu chombo kama kinafanya kazi.

Hakuna aliyethubutu kumzuia, hata mimi mwenye katapila. Aliyeushika mpira ule hewani ni Shemeji. "Inatosha, Nyapara. Utaua mtu."

Kaka alimtazama, pumzi zinampanda. Halafu akatabasamu, akamgonga begani. "Kweli. Unajua wewe yanakoishia."

Mpishi tulimpakia kwenye lori. Nimeosha mikono mara kadhaa ingawa sikumgusa.

5 Aprili

Kaka amekuja kwangu kuomba sindano na uzi wa kushonea shati. Nikamwambia vua nikushonee. Alikaa kifua wazi, mgongo wake umekuwa wa mzee. Tulipokuwa wadogo alinibeba kwenye mgongo huo kuvuka mitaro mvua ikinyesha, na mdogo wetu akilia chini kwamba na yeye abebwe. Nikamwuliza, "Baadaye utakuwaje?"

"Baadaye ya nini?"

Nilikata uzi kwa meno. Sikuuliza tena.

8 Aprili

Tumepanga magogo chini ya bawa la kulia. Njia yenyewe ni hii: unapanga magogo mpaka yakaribie bawa, unaacha nafasi ya kiganja. Mguu ukiuliwa unazama, bawa linashuka linakalia magogo, halina tena haja ya mguu, ndipo unakata. Sehemu ya mguu inayong'aa inafungwa gunia bichi ili cheche zisiruke. Jioni Kaka alibaki peke yake na spana yake. Kesho ni kesho.

Domo amerudi leo. Taya limefungwa kwa waya na anaongea kwa meno yaliyobana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue anasema maneno ya lazima tu.

9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye hali ya hewa. Mvua ilikatika alfajiri na jua likatoka kali, ukungu ukawa unapanda kwenye matope.

Kazi yangu ilikuwa kusimama na mtambo kando ya mguu, mkono umeinuliwa, ili mguu ukikatika niudake usianguke ovyo. Kutoka kwenye kiti changu bawa liko usawa wa macho. Wengine wote wako chini. Ni mimi peke yangu niliyeweza kuona, na nilichoona ni mwanga wa jua unapita kati ya gogo la juu na bawa. Nafasi ya kiganja, ile ile ya jana. Bawa halikushuka. Chini yake gunia bichi limefungwa vizuri, kamba imekazwa.

Shemeji alisimama mbele ya mguu, akajaribu moto, akauzima. Akaita: "Hai au maiti?"

"Maiti!" Kaka akaitikia. Aliitikia kwa sauti laini, sauti anayotumia kumwamsha Mama.

Nilikuwa nimeingoja siku hii. Nilikuwa nimeiota. Shemeji akashusha kinyago cha macho, na nikajiambia, haya, mdogo wangu, tazama. Ndipo nikamwangalia Kaka. Uso ulikuwa ule wa siku ya mpishi, umetulia. Nikaelewa kwamba uso huo ndio utakaobaki. Atakuja nao kwa Mama, atakula nao mezani, ataniomba nao sindano na uzi. Yule wa kulia na kutukana hatarudi. Shemeji sikumwonea huruma hata chembe, na sasa hivi naandika simwonei. Nilimwogopea kaka yangu.

"Nina shaka!" nikapiga kelele.

Daktari, hasira hasara unasema, lakini na haraka nayo haina baraka. Neno lilikwisha toka ndipo nikakumbuka linachokuja nacho. Watu walirudi nyuma, kila mmoja, kama walivyozoea. Shemeji alipandisha kinyago. Alinitazama mimi, akafuata macho yangu, akakanyaga gogo la chini akajiinua, akauona ule mwanga juu ya gogo la juu. Rangi ikamtoka. Akashuka akamnyooshea Kaka bomba la gesi.

"Anayeitikia ndiye anayekata, Nyapara."

Angesema tu, "Nimekosea, bado kidogo." Hakuna ambaye angemwuliza. Lakini Kaka na kukosea mbele ya watu havijawahi kukaa chumba kimoja, na yeye ndiye aliyeitunga sheria. Alilichukua bomba. Alinitazama kule juu, si kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayekuachia funguo za nyumba. Kisha akawasha moto akageukia mguu.

Nilipiga kelele jina lake la utotoni. Hakugeuka. Moto wa buluu ulikuwa umeshagusa gunia, mvuke unafuka.

Nikauzungusha mkono wa katapila.

Sikuwa na muda wa kupima. Chuma kilimpata kiunoni, nikausikia mlio kupitia kwenye usukani, mlio ule ule wa bodi ya ndege inapokatika. Aliruka kama nguo iliyopeperuka kwenye kamba, akaanguka mbali kwenye matope, na bomba likaanguka likitapatapa huku na huku linatema moto mpaka Domo akakimbia kufunga chupa. Kaka alikuwa anapiga mayowe. Nilishuka nikamkumbatia, akaning'ata mkono. Alama za meno zipo hapa ninapoandikia. Alikuwa analia na kutukana, matusi ya nguoni, yote anayoyajua, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila tusi.

10 Aprili

Nyonga ya Kaka imevunjika na mguu mmoja. Madaktari wanasema atatembea, ila si leo wala kesho. Amegeukia ukuta. Mama anadhani ni ajali ya kazi, anashika sabuni na taulo, anasema Mungu amenusuru.

11 Aprili

Spana ya Kaka nilipewa na muuguzi pamoja na nguo zake zilizokatwakatwa kwa mkasi. Nimeenda nayo yadini. Niliwaondoa watu wote, nikapanda juu ya mguu nikafungua valvu mwenyewe. Gesi ilitoka kwa mluzi mkali uliowafanya ndege wa kwenye ukuta waruke, ukaendelea, ukaendelea, watu wakachoka kusimama wakakaa chini. Mwishoni bawa lilishuka likakaa kwenye magogo taratibu. Kila mtu yadini sasa anajua Kaka alikuwa amekusudia nini, na hakuna atakayesema.

Mguu nimeukata mimi. Niliita peke yangu na nikaitikia peke yangu.

16 Aprili

Mvua ndogo. Shemeji anakuja kazini, anakaa mbali. Hali chakula.

20 Aprili

Wakati wa chai Shemeji alikuja akasimama kwenye mvua mbele ya mtambo wangu. Wenzangu wote walikuwepo, chini ya bawa, vikombe mkononi. Lile jeraha nililompa kwenye nyusi halijapona vizuri.

"Kwa nini uliniokoa?" akauliza.

"Sikukuokoa wewe."

"Najua. Lakini niko hai na silali. Niulize chochote unachotaka. Nakudai jibu la kwa nini, na wewe unanidai jibu lako."

Taya langu lilikuwa juu ya kichwa chake. Nilizima injini. Nikachomoa ufunguo, nikashuka, nikasimama mbele yake mikono mitupu, maana sikutaka baadaye aseme aliogopa chuma. Sikumwuliza kama alimsukuma. Hilo nilikuwa nalijua siku nyingi, na hilo angeweza kulikana. Nilimwuliza kwa sauti ya kazini, kila mtu asikie.

"Mdogo wangu. Ulipomwacha chini ya ngazi. Hai au maiti?"

Vikombe vilitulia. Sheria ya yadi inajulikana, hakuna anayeitikia hovyo tangu Domo avunjike. Angeweza kusema kile alichowaambia polisi, kwamba hakuwepo. Angesema tu, "Mimi sikumwacha, nilimkuta." Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka kwenye kidevu.

"Hai," akasema.

Kisha akaendelea kusema bila kuulizwa. Kwamba alimsukuma, kwamba alimsikia akiita kutoka chini, akamwita kwa jina, akamwomba maji. Kwamba yeye alifunga mlango akatoka kwa njia ya nyuma akaenda kukaa mahali watu wamwone. Aliporudi hakuwa anaita tena.

Nilimpiga. Ninaandika, Daktari, lakini pia nilimpiga, na nikampiga mpaka ngumi yangu ikapasuka, na safari hii hakuna aliyenishika. Alikuwa amepiga magoti, ananingoja niongeze. Ndipo nikaacha. Si kwa wema. Niliuhisi uso wangu unaanza kutulia, kama ule wa Kaka, nikaogopa.

Nilimwinua kwa ukosi tukaenda kituo cha polisi kwa miguu, yadi nzima nyuma yetu, buti zinalia kwenye matope. Hakujaribu kukimbia. Kwenye kaunta alirudia yote. Askari alipanguza kalamu, akanitazama ngumi, akamtazama uso ulivyovimba, akasema maneno ya mtu aliyepigwa hayana uzito. Akauliza kama yupo aliyesikia kabla hajapigwa.

Domo alisogea mbele. "Nimi," akasema kwa meno yaliyofungwa. "Nilisikia. Nitasena nahakanani."

Na nyuma yake wengine, mmoja mmoja, wakasema wamesikia.

21 Aprili

Nilienda kwa Kaka kwanza. Nikamweleza yote, ukuta ukiwa ndio unaonisikiliza. Nilipofika kwenye maji aliyoomba mdogo wetu, mabega yake yakaanza kutikisika. Baadaye sana akasema, "Ungeniacha nimkate."

"Ungekatika wewe."

"Najua." Akageuka, kwa shida, akaushika mkono wangu pale aliponing'ata, akauangalia. "Hayo ya maji Mama usimwambie," akasema.

Mama alikuwa ananingoja mlangoni. Habari ilikwisha kumfikia, majirani ni wepesi kuliko simu. Kiti cha nne alikuwa amekivuta karibu na dirisha, amekikalia yeye.

"Amekiri?"

"Amekiri, Mama. Alimsukuma."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo alioujua uzito wake. Kisha akaninyanyulia macho, na nikaona swali linakuja, nikaona hakuna pa kuzungushia mkono wa mtambo.

"Na mwanangu? Alimwacha yuko hai?"

Nje mvua ilikuwa imekatika.

"Maiti, Mama," nikaitikia. "Alikufa pale pale."

Akafumba macho. "Angalau hakuteseka," akasema, na mimi nikaitikia kama kawaida, kisha nikaenda jikoni kumchemshia maji.

Kesi itaitwa mvua zikiisha kabisa. Mama amesema atakwenda, kila siku, atakaa benchi la mbele. Atamsikia yule mwanamume akisema neno lake, "Hai," atawasikia wenzangu nao, kisha atanigeukia mimi. Anayeitikia ndiye anayekata.